Ipe nadharia kazi: kwa mnaoanza kusoma mawasiliano ya umma Iringa

Kila muhula swali linarudi: chagua nadharia moja, itumie kuchambua mfano wa vyombo vya habari vya leo. Majibu nayo yanafanana. Kurasa za mwanzo zote ni historia ya nadharia iliyonyofolewa kwenye madesa ya waliotangulia, kisha aya ya mwisho inasema haya yanaonekana hata TikTok na WhatsApp. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha habari cha redio hapa Iringa, na siku hizi nasaidia kusahihisha kazi za wanafunzi, ndiyo maana nawaandikia wadogo zangu mnaoanza. Nadharia ni dai. Inasema jambo fulani hutokea, na inasema kwa nini. Kuitumia maana yake ni kulipeleka dai hilo mahali ambapo linaweza kusimama au kuanguka.

Chukua nadharia ya uwekaji ajenda, ambayo wengi huikimbilia wakidhani ni nyepesi. Dai lake ni kwamba mambo ambayo vyombo vya habari vinayapa uzito ndiyo watu nao huyaona mazito. Maxwell McCombs na Donald Shaw walifanya utafiti wao Chapel Hill, North Carolina, wakati wa uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1968, na matokeo yakachapishwa 1972. Waliwauliza wapiga kura 100 ambao hawajaamua wampigie nani ni mambo gani wanayaona mazito. Upande wa pili wakapima vyombo vya habari vilivyowafikia watu hao viliyapa uzito mambo gani. Wakaziweka orodha mbili pamoja, zikakaribiana sana. Kwa hiyo ukiwa na orodha moja, bado hujaigusa nadharia hii. "Redio zinazungumzia sana bei ya mbolea" ni nusu ya kazi tu.

Orodha ya kwanza mnaipata bure. Asubuhi fungua redio, utakuta watangazaji wanapitia magazeti. Wanasoma vichwa vya habari vya magazeti yaliyotengenezwa Dar es Salaam, wanavijadili, simu zinaanza kuingia. Katika kipindi hicho kimoja unaona uzito wa habari ukipita mikono miwili: mhariri wa gazeti alichagua kichwa jana usiku, mtangazaji akachagua kati ya vichwa hivyo, na msikilizaji wa Mafinga anapokea kilichobaki. Sikiliza wiki nzima, andika ni habari gani zilitangulia na zilipewa dakika ngapi. Halafu nenda Miyomboni, nenda Soko Kuu hapa mjini, uwaulize watu nini kinawasumbua. Usiwatajie ulichokisikia redioni. Ukimuuliza mama muuza viazi, "Mama, unaona suala la mbolea ni muhimu?" atakuitikia kwa heshima, na utaondoka na jibu ulilokwenda nalo.

Kisha jiulize kipi kilianza. Msimu wa kupanda ukikaribia, mkulima wa Kilolo anaijua bei ya mbolea pale dukani kabla redio haijaitaja. Anapiga simu studio kulalamika, ndipo redio inalibeba jambo lake. Ukilinganisha orodha zako mwisho wa wiki zitaoana vizuri kabisa, lakini ajenda imetoka kwa watu kwenda redioni, si redioni kwenda kwa watu. Hapo ndipo uchambuzi wenyewe unapoanza, na hapo ndipo wengi wanaweka nukta na kukusanya kazi. Andika tarehe. Bila tarehe huwezi kujua nani alimfuata nani.

Nadharia nyingine ninayowasihi msiipite ni ya usambaaji wa uvumbuzi, yaani jinsi jambo jipya linavyoenea na kukubalika kwa watu, kwa sababu ilizaliwa shambani na sisi tumezungukwa na mashamba. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wa wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu chotara ya mahindi. Kati ya 1928 na 1941 wakulima hao wote, isipokuwa wawili, walikuwa wameikubali mbegu hiyo. Wengi waliisikia kwanza kutoka kwa wauza mbegu, lakini waliotajwa kuwa na ushawishi mkubwa walikuwa majirani. Everett Rogers, naye mtoto wa shamba wa huko huko Iowa, akaijenga nadharia yake kwenye kitabu cha 1962.

Sasa nenda Njombe kwenye parachichi aina ya Hass. Muulize mkulima maswali mawili, kila moja kwa wakati wake: ulisikia wapi mara ya kwanza habari za parachichi hizi, na nani alikufanya utoe hela ukanunue miche iliyobebeshwa? Ukiyachanganya maswali haya, nadharia yote inakuponyoka, maana nguvu yake ipo kwenye kutenganisha kujua na kushawishika. Na utakutana na jambo ambalo wakulima wa Iowa hawakuwa nalo: kundi la WhatsApp la wakulima wa parachichi. Je, hilo ni chombo cha habari au ni jirani? Mimi naegemea kwenye jirani pale wanakikundi wanapofahamiana na kutembeleana mashambani, na chombo cha habari pale wanapokuwa mamia wasiojuana. Unaweza kunipinga, ila nipinge kwa ulichokikuta.

Ukitaka kujua jinsi watu makini walivyojibu swali la "tutajuaje kama ni redio kweli iliyowabadilisha watu?", soma habari za Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993 kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walilinganishe na maeneo mengine. Mfano wa nyumbani kama huo una uzito kuliko kurasa za Facebook mnazozitaja kwa mazoea.

Nadharia ya mlinda lango, yaani mtu anayeamua habari ipi ipite na ipi izuiwe, ina mtego mmoja. David Manning White, mwaka 1950, alieleza jinsi mhariri mmoja alivyotupa takribani sehemu tisa kati ya kumi za habari zilizomfikia. Lango lile lilichuja kabla habari haijamfikia msomaji. Admini wa kundi la WhatsApp kwa kawaida anakuta ujumbe umeshasomwa, ndipo aufute. Ukimwita mlinda lango, eleza tofauti hiyo, la sivyo umebandika jina tu. Nadharia ya risasi, inayodai ujumbe wa vyombo vya habari humpiga kila mtu moja kwa moja, iacheni, labda mkiitaja kama historia.

Ukichukua ujumbe kutoka kwenye kundi kwa ajili ya kazi yako, omba ruhusa kwanza, kisha ondoa majina, namba na picha za wasifu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Na kijijini, mzee akianza kukueleza kwa Kihehe, mwache amalize ndipo uombe tafsiri kwa kijana wa hapo.