Mvua ya Nairobi: maneno machache kwa dereva mgeni wa teksi

Mvua ikianza kunyesha jioni, simu yako italia mpaka ikukere. Nauli kwenye programu zinapanda, watu wamekwama Upper Hill na Westlands, kila mmoja anataka gari sasa hivi. Wewe uliyeingia kazi hii mwezi jana utadhani umeokota pesa. Mimi pia nilidhani hivyo. Naendesha teksi hapa jijini tangu 2011, na hasara kubwa kuliko zote niliipata jioni moja ya Aprili 2018, nikikimbilia abiria wa nauli nono South C.

Maji yalikuwa yamefunika barabara. Basi lililokuwa mbele yangu likapita bila shida, nami nikalifuata. Hilo ndilo kosa la kwanza. Basi huvuta hewa ya injini huko juu, Vitz yangu inavuta karibu na usawa wa taa. Nilipofika katikati gari likazima. Kosa la pili ndilo lililonimaliza: nikapiga stata. Ikakataa. Nikapiga tena, ikashika kidogo, kisha nikasikia mlio mmoja wa chuma na kimya. Hewa ndani ya silinda hukandamizika, maji hayakandamiziki. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kitu lazima kipinde, na kilichopinda kwangu ni konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni. Fundi aliitoa akanipa niishike, nilidhani ananionyesha kijiko kibovu. Nikashinda Kirinyaga Road nikitafuta injini ya mtumba, wiki tatu bila kazi. Nauli niliyokuwa nakimbilia haikufika hata shilingi elfu moja.

Basi shika hili: gari likizimika majini, usiuguse ufunguo. Toa abiria, tafuta vijana wa kusukuma, elewana nao bei kabla hawajashika gari, kisha ita fundi. Atafungua plagi na kuzungusha injini maji yatoke, aangalie filta ya hewa na oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Gharama hiyo utaimudu. Ya injini hutaimudu.

Na afadhali usiingie kabisa. Maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika sentimita 30 tu, yanaweza kuinua gari dogo. Yakifika 60 hubeba hata gari kubwa. Anayepita mito yetu, Ngong, Mathare na Nairobi wenyewe, wakati wa kiangazi huona vijito vya takataka na kuvidharau. Aprili 2024 Mto Mathare ulibeba nyumba na watu. Ukiona maji yanakatisha barabara karibu na daraja, geuza, hata abiria akikuambia yeye hupita hapo kila siku. Hupita kukiwa kukavu.

Maji yaliyotulia nayo yana siri zake. Vifuniko vya mitaro huibwa vikauzwe kama chuma chakavu, na shimo hubaki wazi chini ya maji. Ukiona tawi la mti limesimama wima katikati ya barabara, usilaumu upepo. Limewekwa na mtu aliyetumbukia kabla yako.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi hawaangalii. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine huja yamevaa tairi za theluji. Mnunuzi anaona kashata nene, yaani meno ya tairi, anafurahi kwamba hatanunua tairi mwaka huu. Angalia ubavuni: ukikuta neno "studless", au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, hizo ndizo. Mpira wake ni laini, umetengenezewa baridi ya chini ya nyuzi 7, na Nairobi hata mwezi wa Julai ni nadra kufika huko. Kwenye lami yetu zinalika haraka, na lami ikiwa na maji zinateleza kuliko tairi ya kawaida. Halafu soma tarakimu nne za mwisho kwenye msururu unaoanza na DOT. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuza tairi akikuambia ni mpya, mwonyeshe hizo tarakimu uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Mpira wa waipa nao hukaushwa na jua la Januari na Februari. Ubadilishe kabla mvua za Machi hazijaanza, usingoje usiku wa kwanza ndipo ugundue zinachora tu mistari kwenye kioo. Na ukiegesha mjini usiku, kumbuka waipa zina miguu.

Mvua inayoteleza zaidi ni ile ya mwanzo. Lami imekunywa oili na vumbi miezi miwili, manyunyu ya dakika za kwanza yanaikoroga ikawa kama sabuni. Mvua kubwa ikishapiga nusu saa inaiosha. Kwa hiyo yale matone machache yanayokufanya useme "hii si kitu" ndiyo ya kuogopa. Acha nafasi mbele yako mara mbili ya kawaida. Matatu itaingia hapo, najua. Acha nyingine.

Thika Road na Southern Bypass maji hutuama kwenye mikono ya barabara, yaani leni, na ukiyapiga kwa kasi tairi huacha kugusa lami. Utajua kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla. Usikanyage breki, usikate kona. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, subiri gari lishike chini lenyewe. Ukitoka kwenye maji mengi gusa breki polepole mara mbili tatu zikauke. Tena, mvua ikinyesha bodaboda hujikinga chini ya madaraja, wanajaza mkono mzima wa kushoto. Kila daraja lihesabu kuwa lina watu chini yake.

Kioo kikifanya ukungu kwa ndani, wengine hufuta kwa kitambaa huku wakiendesha kwa mkono mmoja. Washa AC hata kama kuna baridi, elekeza hewa kioo cha mbele, funga ile inayozungusha hewa ya ndani. AC hukausha hewa. Mafuta itakayokula ni kidogo.

Ukichukua abiria uwanja wa ndege usiku wa mvua, mwulize kama atalipia Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Wengi hukubali wakishaiona Mombasa Road ya chini ilivyofungana.

Juni hadi Agosti mvua si nyingi ila kuna ukungu, na mgeni hukutana nao siku ya kwanza anapopata safari ndefu ya kupitia Limuru na Kimende. Ukungu wa huko huzima barabara mara moja, kama mtu ameshusha pazia. Taa kubwa hazisaidii, zinagonga ukungu na kukurudishia weupe machoni. Tumia taa za chini, na za ukungu kama unazo. Hazadi, zile indiketa zote zikiwaka pamoja, usiwashe ukiwa unatembea, wa nyuma atadhani umesimama au hataona indiketa yako. Ukishindwa kuona, toka barabarani kabisa hadi kwenye kituo cha mafuta, usiegeshe pembeni, kwa sababu malori ya huko hufuata taa za aliye mbele yao. Na ukipewa safari ya Naivasha ya saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, mpigie abiria umwambie mtatoka saa moja na nusu. Akikataa, mwache apate mwingine.