Mwalimu mpya wa fizikia, anza na gololi

Mwalimu mwenzangu unayeripoti huku kwetu Mbeya, nakuomba kitu kimoja kabla hujaandika sheria za mwendo za Newton ubaoni: waulize wanafunzi wanadhani nini kitatokea, halafu usiwajibu. Mimi nilichelewa kulijua hili. Miaka yangu miwili ya mwanzo, vijana wa kidato cha pili walizikariri sheria zote tatu bila kuacha neno. Siku moja nikawauliza kwa nini mpira uliopigwa mwishowe husimama. Darasa karibu zima likajibu: nguvu imeisha.

Hilo la nguvu kuisha litakusumbua kuliko hesabu yoyote. Wala si ujinga. Mtoto amesukuma toroli la maji tangu akiwa mdogo, na akiacha kusukuma, toroli linasimama. Ukimwandikia tu kwamba kitu kilicho kwenye mwendo huendelea kwenda kwa kasi ile ile, katika mstari ule ule, mpaka kani, yaani msukumo au mvuto kutoka nje, iubadili mwendo huo, unamtaka akane alichokiona kwa macho yake.

Ndiyo maana naanza na gololi. Egemeza ubao mfupi juu ya vitabu viwili, weka alama ya chaki, na gololi iachiwe kwenye alama hiyo kila mara bila kusukumwa. Chini tandika sweta. Kwa baridi ya Juni na Julai hutalikosa darasani. Baadaye tandika khanga iliyonyooshwa vizuri, kisha jaribu sakafu tupu ya saruji, kisha kigae au kioo kirefu. Kabla ya kila zamu, wanafunzi wachore kwa chaki pale wanapodhani itaishia. Gololi ni ile ile na kimo ni kile kile, lakini inakwenda mbali zaidi kadiri msuguano unavyopungua. Sasa uliza: na kama msuguano usingekuwepo kabisa? Halafu nyamaza. Dakika hiyo ni ndefu, ivumilie. Darasani kwangu mara nyingi hujitokeza mmoja akasema taratibu, kama anayeogopa maneno yake mwenyewe, "Isingesimama." Hapo ndipo ninaposhika chaki na kuandika sheria ya kwanza, nao wanaipokea kama jibu lao.

Waache wabishane kwa Kiswahili. Najua mtihani ni wa Kiingereza, na Kiingereza watakiandika baadaye. Lakini mtoto anayetafuta msamiati hawezi wakati huo huo kutetea wazo.

Sarafu juu ya kipande cha boksi mdomoni mwa glasi unaijua: boksi linapigwa kwa kidole, sarafu inatumbukia. Ni nzuri kwa dakika tano, usiigeuze kipindi kizima.

Sheria ya pili inasema mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka kila sekunde, hukua kani ikikua, na hupungua tungamo, yaani wingi wa kitu kwa kilo, likikua. Hii inataka maandalizi. Mwombe fundi wa gereji beringi chakavu nne, utengeneze kigari cha mbao. Kiweke kwenye ubao mrefu juu ya meza zilizoinuliwa kwa matofali, ukifunge uzi unaopita kwenye kapi ndogo ukingoni, na mwisho wa uzi uning'inize chupa. Chupa ipate mita 1 ya kushuka. Kwanza inua kidogo nyuma ya ubao kwa madaftari, mpaka kigari kikiguswa tu kiende kwa kasi isiyobadilika. Hapo mteremko umefidia msuguano. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa namba zao kukataa.

Kosa jingine, nami nimelifanya, ni kuongeza chupa ya pili kwenye uzi na kusahau kwamba umeongeza pia tungamo linalokwenda. Andaa chupa mbili za gramu 100, pamoja na maji yake. Moja ining'inie, nyingine ipande kigari, na mawe yakamilishe jumla ya kilo 2, kigari na chupa zote vikiwemo. Pima muda kwa simu: utapata karibu sekunde 2. Zamu ya pili, ile iliyopanda iteremshwe nayo ining'inie. Kani imekuwa maradufu, jumla haijabadilika. Waulize muda utakuwa ngapi. Wengi watasema sekunde 1. Inakuja kama 1.4, na kelele zinaanza. Usiwatulize mapema. Kilichokuwa maradufu ni mchapuko, na mchapuko unapatikana kwa kuzidisha umbali kwa 2 na kugawa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Wakikokotoa wataona takriban 0.5 ikiwa 1.

Mwanasayansi Galileo naye aliviringisha mipira kwenye mteremko ili kupunguza mwendo uweze kupimwa. Muda aliupima kwa maji yaliyotiririka kutoka chomboni, miaka mingi kabla Newton hajachapisha sheria zake mwaka 1687.

Ukifundisha tungamo utataka kutaja malori yenye shehena kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, kwa kuwa tungamo kubwa ni gumu kusimamisha. Utaje kwa upole. Huenda darasani yumo aliyefiwa na mzazi barabarani.

Sheria ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa ni fupi: kitu kikisukuma au kuvuta kingine, hicho nacho hukirudishia kani iliyo sawa, kwa upande wa kinyume. Azima mizani mbili za ndoano kwa wanunuzi wa mazao, uhakikishe kwanza zinasoma sawa kwa mzigo mmoja. Ziunganishe, mwanafunzi mwenye nguvu avute upande mmoja, mdogo kuliko wote upande wa pili. Wanatabiri tofauti kubwa. Mizani zinasoma sawa. Funga moja kwenye nondo ya dirisha: bado sawa.

Kijana mmoja kutoka Usangu, kwao mkokoteni wa ng'ombe ni kazi ya kila siku, aliniuliza: kama mkokoteni unamvuta ng'ombe nyuma kwa kani ile ile, mbona wanaondoka? Nilimwomba achore kila kani na aandike inamvuta nani. Alichora ya mkokoteni, akachora ya kamba, akakwama, kisha akachora kwato zikisukuma ardhi nyuma na ardhi ikimsukuma ng'ombe mbele. Akaitazama karatasi, akasema, "Ndiyo maana masika, kwenye tope, ng'ombe wale wale wanashindwa mzigo ule ule."