Fanksheni ya C hupewa nakala

Wadogo zangu mnaoanza lugha ya programu ya C, kuna jambo moja lililonisumbua wiki mbili nzima nilipokuwa nasoma Kampala. Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya akiba za waendesha bodaboda wa steji ya kwetu Jinja. Mtu ana salio la shilingi 50,000, leo ameweka 20,000. Nikaandika:

void weka(int salio, int kiasi) {
    salio = salio + kiasi;
}

Nikaita weka(salio, 20000). Kompaila haikulalamika, lakini salio likabaki 50,000. Nikatia printf, ichapishe salio ndani ya fanksheni: humo ndani 70,000, nje 50,000.

Aliyewahi kutoa fotokopi Wandegeya, Kampala, ataelewa haraka. Mwenzako akiandika juu ya nakala, fomu yako ya asili haiguswi. Fanksheni ya C hupokea nakala ya thamani, si kigeu chenyewe, na ndivyo ilivyo tangu Dennis Ritchie alipoiunda lugha hii Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukitaka fanksheni ibadilishe salio lako, ielekeze salio linakokaa kwenye kumbukumbu. Anwani hiyo huwekwa ndani ya pointa:

void weka(int *salio, int kiasi) {
    *salio = *salio + kiasi;
}

Sasa unaita weka(&salio, 20000). Alama ya & inatoa anwani; nyota ndani ya fanksheni inasema "nenda kwenye anwani hii, ushughulike na kilichomo". Ndiyo maana scanf, inayosoma anachoandika mtumiaji, hudai &: haiwezi kukujazia kigeu isichojua kilipo. Jihadharini na *salio++, kwani hiyo husogeza pointa na kuliacha salio lilivyo. Andikeni (*salio)++. (Na kwa fedha zetu, int ya biti 32 hukomea 2,147,483,647. Chama kikikua, shilingi za Uganda zitaipita, kwa hiyo tumieni long long.)

Hapa ndipo wengi hukwama tena, na ndipo ninapotaka mtulie: pointa yenyewe nayo hupitishwa kama nakala. Nakala ya anwani inakufikisha nyumba ileile, kwa hiyo unaweza kubadilisha kilichomo. Lakini ukiandika anwani mpya juu ya nakala, aliyekuita bado ameshika ile ya zamani. Wanachama walipoongezeka niliandika fanksheni inayopokea int *orodha, ndani yake nikafanya orodha = malloc(...), yaani kuomba nafasi mpya ya kumbukumbu, nikashangaa kwamba main haikuona nafasi mpya. Nafasi ilikuwepo, ila anwani yake ilipotea fanksheni ilipokwisha, na hakuna aliyeweza tena kuiachilia kwa free. Dawa ni mbili: rudisha anwani mpya kwa return, au pokea int **orodha (pointa ya pointa) na uandike *orodha = malloc(...). Mimi napendelea ya kwanza kwa anayeanza, kwa sababu inasomeka wazi.

Safu (array) nazo zina tabia yao. Ukipitisha safu ya int 10, fanksheni hupata anwani ya kipengele cha kwanza tu. Kwenye kompyuta nyingi za leo sizeof, inayopima ukubwa kwa baiti, itakupa 40 kwenye main, na 8 ndani ya fanksheni, yaani ukubwa wa pointa. Pitisheni idadi ya vipengele pamoja na safu, kila mara. Na msirudishe kamwe anwani ya kigeu kilichozaliwa ndani ya fanksheni; fanksheni ikiisha, nacho kimekufa. Kompaileni kwa gcc -Wall, mara nyingi itawaonya.

Umeme ukikatika jioni, chukueni karatasi. Choreni visanduku viwili, a na b, kila kimoja na anwani yake, kisha fuateni kwa kalamu fanksheni ya kubadilishana thamani zake, kwanza kwa int, halafu kwa int *. Mkishaona ni sanduku lipi linaandikwa katika kila mstari, ndipo muwashe kompyuta.