Futa hiyo tarehe ya kuanza kabla hujatuma andiko

Mkuu, usitume. Andiko libaki hapo hapo lilipo.

Nimesoma swali lako mara mbili. Uko Kasulu, unaandika andiko la kuomba fedha za utafiti wa kichocho cha tumbo kwa watoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, unauliza mfuko gani wa hisani unafaa, bajeti ipangweje, na kama ni lazima uwe na mwenza wa Ulaya. Halafu katikati umepitisha kasentensi: "nimeweka kuanza tarehe 1 Oktoba, vibali vitafuata." Hako kasentensi ndiko kalikonimaliza mimi.

Nami niliandika 1 Oktoba. Tulifundishwa hivyo kwenye semina ya siku tatu ya uandishi wa maandiko, na mshauri aliyelipwa vizuri kuja kutufundisha. Wafadhili wanapenda watu walio tayari, akasema, weka tarehe ya karibu, kibali kitashughulikiwa huku kazi inaendelea. Ananikera hadi leo. Mvua za Kigoma anazijua kwa kusikia redioni, na sidhani kama aliwahi kufuatilia faili hata moja NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba inayotoa kibali. Chumba kizima tuliondoka na ushauri ule ule kwenye madaftari.

Mkataba ukasainiwa, awamu ya kwanza ikaingia chuoni, siku zikaanza kuhesabika. Miezi 18. Nikaajiri wataalamu wawili wa maabara na karani wa takwimu, nikapanga nyumba Mwanga, pale Kigoma mjini, darubini mbili zikaletwa. Kibali hakuna. Kamati ya maadili ya chuo ikarudisha andiko: fomu ya ridhaa ya mzazi ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na ya mtoto mwenyewe haikuwapo kabisa. Tukatafsiri, tukarudisha, ndipo likaenda kamati ya taifa, pale NIMR. Nako likarudi na swali: mtoto atakayekutwa na mayai ya kichocho atapewa dawa yake, prazikwanteli, na nani, lini? Swali la haki kabisa, na sikuwa nimeliandikia jibu. Wakati huo vijana wangu wanalipwa kila mwisho wa mwezi. Wanakuja asubuhi, wanafuta vumbi kwenye darubini, wanahesabu upya makasha ya selofeni za Kato-Katz, kile kipimo cha choo cha kutafuta mayai ya kichocho, saa tisa wanarudi nyumbani.

Kibali kikatoka Machi. Bado barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mpaka mtendaji wa kijiji. Tunazimaliza, barabara ya kusini kule Uvinza ni tope tupu. Tukahamia boti za Ujiji. Nazo zina kalenda yake: kiangazi kikianza upepo wa kusini unachafua ziwa, siku mbili tatu hakuna nahodha anayekubali kuondoka. Juni shule zikafungwa. Vijiji 12 tulivyopanga, tulipima 5.

Nikaomba kuongezewa muda, wakanipa miezi mitatu bila fedha. Ni kama kupewa boti bila mafuta.

Ripoti sikuililia sana. Nilililia vile vijiji saba, kwa sababu mikutano tulishafanya kote. Wazazi walikaa chini ya mwembe wakanisikiliza, wakakubali. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alinipigia karibu mwaka mzima: "Mwanangu, watoto mtakuja kuwapima lini?" Mwisho nikawa naitazama simu inaita mpaka inakata.

Kwa hiyo tarehe ya kuanza ifuate kibali, isifuate kalenda. Andika: "Ukusanyaji wa takwimu utaanza ndani ya siku 30 baada ya kibali cha NIMR." Mishahara ya watu wa maabara nayo ihesabiwe kuanzia hapo. Omba awamu ya kwanza iwe ndogo, ya maandalizi tu: kutafsiri fomu, ada za vibali, nauli za kufuatilia barua. Usiogope kuomba. Wellcome ya London ipo tangu 1936. Mfuko uliovuka Vita Kuu ya Pili unaweza kusubiri barua yako. Na kibali kina uhai wa mwaka mmoja, kisha kinahuishwa, kwa hiyo hiyo ada ya kuhuisha iweke pia.

Kama utapima na wavuvi, fuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali ndipo unawakuta nchi kavu wanashona nyavu.

Umesema mwisho wa kutuma ni Ijumaa, na leo ni Jumanne. Fungua ukurasa wa ratiba usiku huu, toa Oktoba, weka kibali. Fomu yako ya ridhaa nitumie niione. Ninayo ya Kiswahili iliyokwisha kupita NIMR, na ile ya Kiha tuliyokuwa tunawasomea wazazi kwa sauti.