Maswali yenu kuhusu Ruzizi: maji, madaraja na mipaka

Maswali haya kuhusu mto Ruzizi, unaounganisha ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, yametoka Bukavu, Kamanyola na Uvira, upande wa Kongo. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Mtoto wangu anashikilia kwamba Ruzizi unatoka Tanganyika kuja Kivu. Nimwambie nini? (Mama, Kadutu)

Mwambie ni kinyume, Mama, ila usimgombeze, kwa sababu watu wazima walibishana juu ya jambo hilo hilo. Wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, walifika Uvira mwaka 1858, wenyeji wakawaambia mto unaingia ziwani. Hawakufika kwenye mdomo wa mto kujionea, na Ulaya mabishano yakaendelea hadi mwezi wa 11 mwaka 1871, wapelelezi Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Walikuta maji yanaingia, kama walivyosema wenyeji miaka 13 kabla.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika mita 770 hivi, basi maji hayana njia nyingine. Lakini zamani Kivu lilitoa maji yake kaskazini, upande wa ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, ziwa likapanda mpaka likafurika upande wa kusini, hapa Bukavu, yapata miaka 10,000 iliyopita. Kwa umri wa mito, Ruzizi bado kijana.

Kwa nini mabwawa ya umeme yote yako huku juu, na kule Sange au Luvungi hakuna hata moja? (Mwanafunzi, Ibanda)

Kwa sababu ya mteremko. Kutoka Bukavu hadi Kamanyola, karibu kilomita 40, mto unashuka mita 500 hivi ndani ya korongo la mawe. Kuanzia Kamanyola hadi Tanganyika umbali ni karibu mara mbili, lakini mteremko uliobaki haufiki mita 200. Bwawa linataka vitu viwili: anguko la maji na mwamba wa kushikilia ukuta. Juu vyote vipo. Bondeni kuna mchanga na udongo laini.

Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ina uwezo wa megawati 29 hivi. Ruzizi II ya mwaka 1989, ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ina karibu 44. Ruzizi III imepangwa chini yake, bado ndani ya korongo.

Na msichanganye: kuna mabwawa yanayoitwa Ruzizi I na II, na kuna vituo vya mpaka vinavyoitwa hivyo hivyo. Kituo cha Ruzizi ya Pili, ambako magari mazito yanavukia kwenda Rwanda, hakiko kwenye bwawa la Ruzizi II. Anayempa dereva mgeni maelekezo aseme wazi anataja kipi.

Ziwa likishuka sentimita 10 tu, kweli SNEL, shirika la umeme la Kongo, inaweza kulalamika? (Papa, Nguba)

Inaweza, Papa. Tupige hesabu. Eneo la ziwa Kivu linazidi kilomita za mraba 2,300. Sentimita 10 juu ya eneo hilo ni zaidi ya mita za ujazo milioni 230. Mto unatoka ziwani kwa wastani wa mita za ujazo 100 hivi kwa sekunde. Gawanya, utapata siku 26 au 27. Sentimita 10 ni maji ya karibu mwezi mzima.

Lakini siku nyingi mashine hazisimami kwa kukosa maji. Zinasimama kwa chupa na mifuko. Takataka zinazotupwa kwenye mifereji ya mji zinaishia ziwani, mkondo unazivuta hadi pale mto unapotoka ziwani, zinaganda kwenye vyuma vya kuchuja mbele ya mitambo. Maji yanapita kidogo, nguvu inashuka, na wapiga mbizi wanalazimika kuingia kuzitoa kwa mikono.

Bukavu hadi Uvira, Ruzizi unavukwa mara ngapi? (Msafiri)

Mara mbili, au usivuke kabisa: inategemea njia. Ukipita Rwanda unavuka Bukavu, unashuka hadi Bugarama, unavuka tena kuingia Kamanyola, kisha Luvungi, Sange na Uvira. Ukipita Ngomo unabaki Kongo muda wote, lakini barabara ya mlima ule ni nyembamba na mvua inaiharibu. Uliza hali ya mipaka siku ile ile ya kusafiri, wala usitegemee habari za wiki iliyopita.

Daraja kubwa la kuingia Bujumbura ndilo mpaka? (Mfanyabiashara, Uvira)

Hapana. Karibu na ziwa mto unagawanyika. Mpaka wa Kongo na Burundi unafuata mkono wa magharibi. Mkono mkubwa uko mashariki, ndani ya Burundi. Kwa hiyo ukitoka Kavimvira unapita mpaka kwanza, unaingia Gatumba, na baadaye ndipo unafika Pont de la Concorde, daraja refu kuliko yote ya Burundi. Urefu wake unatokana na ardhi: korongoni kingo za mwamba ziko karibu, huku chini mto umetanda na unahamahama. Mwezi wa 4 mwaka 2020 ulifurika Gatumba, watu wengi wakahama nyumba.

Nitajuaje kama daraja limechoka? Mimi si injinia. (Dereva wa gari la mizigo, Kamanyola)

Swali hili ndilo linalotupa kazi zaidi, kwa sababu wengi wanaangalia sakafu wakati hatari iko chini.

Maji yakigonga nguzo yanazunguka na kuchimba shimo mbele yake. Shimo linakuwa refu zaidi wakati mafuriko yako kileleni. Maji yakipungua, mchanga mlegevu unarudi na kulijaza, hivyo kesho yake kila kitu kinaonekana salama. Msimu wa maji machache, mtu achome mtaimbo karibu na nguzo. Ukizama bila kazi wakati pembeni unagoma, pale pamechimbwa, na panataka vikapu vya waya vilivyojaa mawe. Wanaochota mchanga wa kujengea karibu na nguzo wanaufanyia mto kazi hiyo bure.

Pili, angalia pale barabara inapokutana na daraja. Ufa unaokatiza barabara, au lami iliyolala, unaonyesha udongo wa nyuma ya ukuta umeondoka. Magogo yaliyonasa kwenye nguzo yaondolewe kabla ya mvua, maana yanageuka kuwa ukuta.

Madaraja ya vyuma aina ya Bailey, ambayo mikoa ya Kivu inayo mengi, yanasomeka kirahisi. Kila fremu ina urefu wa mita 3.05 na uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa watu sita. Zihesabu upande mmoja, zidisha, utapata urefu wa daraja. Kisha angalia zimepangwa ngapi ubavu kwa ubavu: mstari mmoja unabeba kidogo, miwili inabeba zaidi. Fremu zinaungwa kwa pini zenye kizuizi kidogo cha kuzizuia zisichomoke. Kizuizi kikiibwa, pini inatembea kila gari linapopita. Mbao zilizolegea zinagonga na kukuongezea mtikisiko.

Ukivuka, gari moja kwa wakati mmoja, taratibu, katikati. Usifunge breki juu yake. Kibao cha tani kikiwapo, hesabu gari pamoja na mzigo. Wengi wanahesabu mzigo peke yake.

Ni kweli Wajerumani na Wabelgiji walipigania mto huu?

Ndiyo. Mwaka 1910 waliafikiana kwamba mpaka upite Kivu na Ruzizi. Mwezi wa 9 mwaka 1914 Wajerumani waliteka Idjwi. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji likavuka Ruzizi na kuingia Rwanda na Burundi.

Ninaweza kuvuka kwa miguu kule bondeni wakati wa kiangazi?

Usijaribu. Kuna viboko na mamba, na mchanga wa chini unahama: palipokuwa kina cha goti mwaka jana huenda leo pakakuzamisha.