Napoli: anayekufuata mkwepe, unayemchagua mwenyewe muulize

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni mji gani wenye sifa mbaya ya wizi na utapeli unaoufahamu vizuri, na mtu anayeenda mara ya kwanza ungemwambia nini? Mimi naujibia Napoli, kusini mwa Italia, mana ndiko ninakoishi na kila kiangazi napokea wageni, ndugu wa Dar, marafiki wa Nairobi, wengine wanatokea Muscat, na wote wakifika wana swali moja tu, eti ni kweli huko ukitoka nje unaibiwa?

Ntajibu kwa kirefu kidogo mana naona watu wanapotoshwa pande zote mbili. Kuna wale wanaosema Napoli ni Camorra, yaani mafia wa huku, na bastola, usithubutu. Alafu kuna wa mitandaoni, kapiga picha na pizza, kapiga picha na mchoro wa Maradona kule mtaa wa Quartieri Spagnoli, basi anasema hamna shida yoyote nendeni tu. Camorra ipo na imewatesa sana watu wa huku, hilo hakuna anayebisha, ila mtalii wa kawaida hakutani nayo. Anachokutana nacho mtalii ni vibaka na matapeli, na hao wana sehemu zao na mbinu zao ambazo hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukizijua mapema unatembea kwa amani.

Kitu cha kwanza nnachomwambia kila mgeni ni hiki: mtu anayekuja mwenyewe bila kuitwa, ana haraka ya kukusaidia, ana bei nzuri, ana habari ya kukupa, huyo mkwepe. Mtu uliyemchagua wewe, mama wa mboga, mwenye duka la sigara, dereva wa basi, kijana wa kaunta kwenye baa ya kahawa, huyo muulize chochote. Na watu wa Napoli kwa kumsaidia mgeni jamani wana roho nzuri, anaweza kuacha duka lake akatoka mpaka kona kukuonyesha njia. Tapeli hawezi kukaa sehemu akasubiri umchague, lazima akufuate, basi hapo hapo ndo unamjua.

Sehemu ya kuwa macho kuliko zote ni stesheni, Napoli Centrale, na uwanja ulio mbele yake, Piazza Garibaldi. Hapo unashuka na mabegi, umechoka, simu iko mkononi unatafuta ramani, yaani kila mtu anaona kwamba we mgeni. Kwenye mashine za tiketi kuna watu wanajifanya wanakusaidia kubonyeza, wanakuomba chenji, au wanaangalia pochi yako inarudi mfuko gani. Kuna wanaoshika begi lako kukubebea afu mbele wanadai hela. Mimi nawaambia wageni wangu, mambo yote malizeni kabla hamjashuka kwenye treni: tiketi ya metro mtanunua wapi, mnatokea mlango gani, hoteli iko upande gani, na hela ndogo ziwe mfuko wa mbele, pasipoti na hela kubwa ndani ya nguo. Ukitembea kama mtu anayejua anakoenda, hata kama hujui vizuri, wengi wanakuacha. Ukitaka kusoma ramani ingia dukani, agiza kahawa, soma humo ndani.

Ukifika kwa ndege, uwanja wa Capodichino uko karibu sana na mjini na kuna basi linaitwa Alibus, euro 5, linakupeleka stesheni na bandarini. Ukitaka teksi chukua nyeupe yenye nembo ya manispaa na mita, zipo zimepanga foleni, achana kabisa na anayekufuata ndani ya jengo anasema teksi teksi. Na hili la teksi wengi hawalijui: Napoli kuna bei maalumu zilizopangwa na manispaa kwa safari za kawaida za wageni, mfano uwanja wa ndege kwenda katikati ya mji au bandarini, inaitwa tariffa predeterminata, na karatasi yake inatakiwa iwe ndani ya gari. Ila lazima uiombe KABLA gari halijaondoka, ukishaondoka bila kuitaja mnaenda kwa mita na hapo huna pa kulalamika. Kwa hiyo unafungua mlango, unataja unakoenda, unasema tariffa predeterminata, akikubali unaingia, akianza blabla unafuata gari la nyuma.

Sasa nije kwenye utapeli wenyewe maarufu wa Napoli, unaitwa pacco, yaani kifurushi. Wale wa Dar mtaujua mara moja mana ni ndugu wa ule wa Kariakoo, simu ya bei chee ukifika nyumbani unakuta kipande cha sabuni. Unakuwa hivi. Kijana anakuja karibu, anaongea chini chini, anakuonyesha simu mpya au tableti, anakwambia ana shida ya hela, pengine anadokeza kwamba ni mzigo wa magendo ili we mwenyewe uone aibu kwenda polisi baadae. Simu anakupa uishike, unaiwasha, inafanya kazi kweli, ni simu halali kabisa. Mnapatana bei. Anairudisha kwenye boksi mbele ya macho yako, analiweka kwenye mfuko, afu pale unapotoa hela ndo kinatokea kitu, mwenzake anapiga kelele "polisi", au anaangusha kitu, au anakuvuta bega akuulize saa, we unageuka sekunde moja tu. Mfuko unaopewa una uzito ule ule na boksi linafanana, limefungwa nailoni vizuri, unalifungua hotelini unakuta mbao, tofali, au chupa ya maji. Mgeni wangu mmoja aliniuliza sasa kwani mtu hawezi kuwa makini zaidi yao? Nikamwambia hapana, wale wanafanya hivyo kila siku na we unafanya mara moja, usiingie kwenye mchezo kabisa. Vivyo hivyo ile michezo ya karata tatu au vikombe vitatu unayoiona mtu kashinda mbele yako, yule aliyeshinda ni wa kwao.

Na mikoba feki ya barabarani, zile zinazotandikwa chini kwenye shuka, watu wanaona ni bei nafuu tu. Italia anayeadhibiwa sio muuzaji peke yake, mnunuzi pia anaweza kupigwa faini, sheria inafika mpaka euro 7,000. Kwa mkoba ambao kamba itakatika kabla ya Krismasi haina maana.

Kuibiwa kwa kuchomolewa ni habari nyingine na hapa lazima nitaje treni ya Circumvesuviana, ile inayopeleka watu Pompei, kwenye magofu ya mji wa kale, na Sorrento. Wageni wote wanaipanda na vibaka wanajua. Wizi mwingi unafanyika mlangoni. Pale Garibaldi watu wanajaa kwenye jukwaa, treni ikifika wote wanasukumana, na katika kusukumana ndo mkono unaingia mfukoni, au kuna wawili wanajifanya wamekwama mbele yako mlangoni, we umebanwa katikati, wa nyuma anafanya kazi, milango inakaribia kufungwa wote wanaruka nje, treni inaondoka na wewe bila pochi. Dawa yake ni rahisi: nenda ukapandie Porta Nolana, ndo treni inapoanzia, ni kituo kimoja kabla ya Garibaldi na unaweza kutembea kwa miguu, unapata kiti, unaweka begi mapajani. Au msimu wa watalii kuna treni ya Campania Express, ghali zaidi lakini ina vituo vichache na msongamano hauko hivyo. Na watu wa huku wanasaidia sana kama unawaangalia. Ukiona bibi mmoja kakaa mbele yako kakutazama machoni afu anavuta ngozi ya chini ya jicho lake kwa kidole, bila kusema neno, anakwambia chunga, kuna mtu karibu yako. Shika begi lako, mshukuru kwa kichwa.

Ukishuka kituo cha Pompei Scavi pia kuwa makini, lango la kuingilia magofu, Porta Marina, liko hapo hapo karibu lakini kabla hujalifikia unakutana na watu wa vibanda wana beji shingoni wanakwambia tiketi ni hapa, foleni ya kule masaa mawili. Wanauza ziara zao. Tangu Novemba 2024 tiketi za Pompei zinaandikwa jina la mtu na wanaingia watu 20,000 kwa siku basi, kwa hiyo nunua yako mapema kwenye tovuti rasmi, beba na kitambulisho, upite vibanda vyote moja kwa moja mpaka getini.

Barabarani tembea upande wa ukuta na mkoba uwe upande wa ukuta, mana wanaopora kwa pikipiki huwa wawili na wanapita na kile kilicho upande wa barabara. Simu usiiweke pembeni ya meza ya nje. Na dada zangu, mama zangu, najua tunavyopenda kupendeza tukisafiri, ila mkufu wa dhahabu na bangili za harusi ziacheni nyumbani, na kaka zangu saa za bei mbaya hivyo hivyo, Napoli saa ya kifahari inafuatiliwa kuliko begi.

Sisi Waafrika tuna jambo letu la ziada na nataka niliseme wazi. Polisi huku wanaweza kukusimamisha kuuliza nyaraka zako, hasa maeneo ya stesheni, na sheria inamtaka mgeni aonyeshe, kwa hiyo pasipoti yenye viza usiiache hotelini ukabaki na mikono mitupu. Sasa matapeli nao wanalitumia hilo, anakuja mtu kavaa kiraia anasema ni polisi, anataka aone pochi yako eti anakagua hela feki. Polisi wa kweli anataka nyaraka, hana shida na hela zako. Ongea kwa heshima, muombe kitambulisho chake, mwambie twende kituoni au nipige 112, akiwa feki ataondoka mwenyewe.

Mambo ya hoteli: nyumba za kupangisha za kwenye mitandao, tangu 2025 kila tangazo linatakiwa liwe na CIN, namba ya utambulisho ya nyumba inayotolewa na wizara ya utalii. Hamna namba, afu mwenye nyumba anakuomba mtoke kwenye programu umtumie hela pembeni, achana nae, hata kama picha ni za baharini na mlima Vesuvio unaonekana dirishani. Kodi ya watalii ya kila usiku hiyo ni halali, lipa, omba risiti.

Chakula sio utapeli ila kuna vitu vinawashtua watu. Coperto ni hela ya kukaa mezani, ni kawaida, inaandikwa kwenye menyu. Kahawa ukinywa umesimama kaunta bei yake ni nyingine kabisa na ukikaa. Linaloumiza ni samaki: bei inaweza kuandikwa all'etto, yaani kwa gramu 100, mtu anaona euro 8 anafurahi, analetewa samaki wa gramu 900, ni euro 72. Mwambie mhudumu amlete samaki apimwe na akutajie bei kabla hajapikwa, hilo ombi la kawaida kabisa na hata wenyeji wanafanya.

Na mashine ya kutolea hela tumia ya ndani ya benki, ikikuuliza ulipie kwa euro au kwa shilingi chagua euro siku zote, ile ya shilingi inakukata vibaya kwenye kiwango.

Naipenda hii Napoli na inaniuma mtu anaporudi kwao na picha mbaya kwa sababu ya pochi moja. Huu ni mji ambao mtu ananunua kahawa mbili anakunywa moja, ya pili anaiacha imelipiwa kwa mtu asiyemjua ambae hana hela. Ni mji wenye chuo, L'Orientale, kilichoanza mwaka 1732 ambako hadi leo kuna vijana wa Kiitaliano wanasoma Kiswahili, ukikaa pale Piazza Bellini jioni usishangae mtu akikwambia shikamoo. Njooni.

Ikitokea umeibiwa licha ya yote, funga kadi kwanza, kabla ya kitu chochote, namba ya benki yako iwe imeandikwa sehemu nyingine isiyo simu. Alafu nenda polisi au kwa Carabinieri, polisi wao wa kijeshi, ukaandike denuncia, yaani taarifa ya wizi, siku hiyo hiyo, kama sio hapo ulipo basi Questura, makao makuu ya polisi, iko Via Medina, na usikubali kuondoka bila nakala yenye muhuri. Hiyo karatasi ndo itatakiwa na bima, na kama pasipoti imeenda ndo utakayoenda nayo ubalozini Roma, Tanzania na Kenya zote zina ubalozi pale, treni ya haraka ni kama saa moja na dakika kumi. Picha ya pasipoti na viza jitumie kwenye barua pepe yako kabla hujasafiri, utaziprinti hapo stesheni ya Roma uende nazo.