Breki hazina kosa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini wewe, ambaye gia na usukani havikusumbui tena, bado unajikuta ukifunga breki ghafla kila mara, ilhali madereva wa siku nyingi wanapita barabara hiyohiyo bila abiria wao kushtuka. Pili, kama ujiandikishe kwenye kozi ya kudhibiti gari linaloteleza. Hilo la pili nalijibu kabisa: usijiandikishe, angalau si sasa. Sababu utaiona ndani ya jibu la swali la kwanza.

Mguu wako si mzito. Kijana wa umri wako hukanyaga breki upesi kuliko mtu wa umri wangu. Tofauti inaanzia machoni, sekunde kadhaa kabla mguu haujahusika. Mwaka 1972 watafiti Mourant na Rockwell walilinganisha macho ya madereva wapya na wazoefu wakiwa barabarani. Wapya walitazama karibu zaidi na pua ya gari, hawakupeleka macho mbali kulia na kushoto, na vioo walivitazama kwa nadra. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona jambo hilohilo.

Chukua basi lililosimama kituoni mbele yako. Dereva mpya anaona basi, anaona nafasi ya kupita, anapita. Mzoefu anatazama chini ya basi kama kuna miguu inayoelekea mbele ya bampa, kwa sababu anayeshuka mara nyingi huvuka akiwa amefichwa na basi lenyewe. Anatazama gurudumu la mbele: likianza kukunja, basi linaondoka hata kama indiketa haijawashwa. Anatazama kioo cha pembeni cha basi kuona uso wa dereva umegeukia wapi. Yote hayo hayachukui sekunde 2, na mguu wake umeshatoka kwenye mafuta. Mtoto akichomoza, breki kidogo tu inatosha, na abiria hajui kama kulikuwa na lolote. Wewe ukimwona mtoto huyohuyo akiwa tayari barabarani, unafunga breki, kisha unasema amejitokeza ghafla. Miguu yake ilionekana mapema, ila hukuitafuta.

Ndiyo maana Uingereza, tangu 2002, mtahiniwa wa leseni huonyeshwa video fupi na kutakiwa abofye hatari inapoanza kujengeka. Akiwahi anapata alama 5, na kadiri anavyochelewa alama zinashuka hadi sifuri. Anayebofya ovyo ili abahatishe hapati kitu kwenye video hiyo.

Sasa tuhesabu. Tuseme zinapita sekunde 1.5 tangu uone hatari hadi breki zishike, barabara ni kavu na tairi ni nzima. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, utasimama baada ya mita 68 hivi: 33 zinaliwa kabla breki hazijashika, 35 ni za breki zenyewe. Kwa kilomita 100 unahitaji mita 97. Pale ambapo mwenye 80 amesimama kabisa, mwenye 100 bado anakwenda kwa karibu kilomita 70 kwa saa. Na faida ya mwendo huo ni ipi? Katika safari ya kilomita 20, ni dakika 3. Lakini ukiiona hatari sekunde moja mapema ukiwa kwenye 80, umejipatia mita 22 bila kugusa breki. Hakuna mkufunzi wa breki atakayekupa mita 22.

Kuna mitego ambayo hata macho yanayotembea huingia. Ile nguzo iliyo kati ya kioo cha mbele na mlango inaweza kuficha pikipiki nzima, na kama pikipiki inakaribia makutano kwa mwendo unaolingana na wako, itaendelea kufichika palepale. Kwenye makutano sogeza kichwa mbele na nyuma, usigeuze shingo tu. Pia kumbuka kwamba chombo kinachobaki mahali pamoja kwenye kioo cha mbele huku kikikua ndicho mnachoelekea kugongana nacho. Na kitu kidogo hudhaniwa kiko mbali: lori na pikipiki zikija kwa umbali na mwendo mmoja, watu wengi hudhani pikipiki itachelewa kufika. Kabla ya kuingia barabara kuu, angalia mara ya pili kama kuna pikipiki inayokuja.

Kuona ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kwa nini mtu anaiona hatari na bado anaifuata. Barabara ni mwalimu mbaya. Ukilipita lori kwenye kona usiyoona mwisho wake, karibu kila mara hutakutana na mtu, na unafika mapema. Ukifanya hivyo mara nyingi bila adhabu, mwili unazoea na woga unaisha, ingawa hatari ya kona ile haijapungua hata kidogo. Hata ukikoswakoswa, akili hujipongeza kwamba ni ustadi wako uliokuokoa. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wajilinganishe na madereva wenzao waliokuwa pamoja kwenye utafiti: kwa usalama, asilimia 88 ya Wamarekani na 77 ya Waswidi walijiweka kwenye nusu iliyo bora. Hesabu hiyo haiwezekani, na mimi na wewe tumo humo.

Hapo ndipo kozi yako inapoingia. Norway iliwahi kuweka mafunzo ya barabara za utelezi katika mafunzo ya lazima ya udereva, na tathmini ya 1988 ikaonyesha kwamba ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi ziliongezeka. Ustadi wa kurudisha gari linaloteleza husahaulika upesi usipourudia, lakini kujiamini hakusahauliki, na anayejiamini anaingia kwenye kona kwa kasi ambayo zamani angeiogopa. Madereva wa teksi wa Munich, Ujerumani, waliopewa magari yenye breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge) walifanya vivyo hivyo: walikata kona kwa nguvu zaidi na kukaribia magari ya mbele, na ajali zao hazikupungua.

Badala yake fundisha macho, na anza ukiwa abiria. Kaa kiti cha mbele, taja kwa sauti kila kinachoweza kukulazimisha kupunguza mwendo, kisha angalia kama dereva amekiona kabla yako. Ukishazoea, fanya hivyo ukiwa kwenye usukani, dakika 10 tu kwa safari, kwenye barabara unayoijua. Taja kitu, mahali, na utakalofanya: “Mpira kushoto, natoa mguu.” “Taa za breki gari la tatu, naongeza nafasi.” Mambo yakiwa mengi kwenye makutano, nyamaza uendeshe. Macho yaende mahali utakapofika baada ya sekunde 12, ambapo kwa kilomita 80 ni kama mita 270, yarudi kwenye vioo, yaende tena. Nafasi na gari la mbele iwe angalau sekunde 2, mvua ikinyesha 4. Hesabu tangu gari hilo lipite nguzo mpaka wewe uifikie.

Kila ukifunga breki kwa nguvu, andika baada ya kuegesha: ni dalili gani ilikuwepo sekunde 5 kabla? Karibu kila mara utaipata. Usipoipata, andika ulikuwa ukitazama nini.

Mazoezi haya hayafui dafu mbele ya usingizi, simu na marafiki. Mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Kuhusu simu, utafiti wa 1997 uliona kwamba hatari ya ajali wakati wa mazungumzo ni takriban mara nne, na vifaa vya kuongea bila kushika simu havikuonyesha nafuu. Na ukiwa na vijana wenzako garini, ujue unajihatarisha zaidi hata kama hakuna anayekuchochea.

Baada ya miezi kadhaa, ukitaka kozi bado, waulize wanaoifundisha: ni muda gani mnakaa barabarani mkitafuta hatari, na ni muda gani mnakaa uwanjani mkitelezesha gari? Wakikujibu kwamba wote ni wa uwanjani, hela yako nunulia tairi.

Mzazi wako